Fazi haina foleni

Vijana wanaoanza kuchezea kontrola za fazi (fuzzy, yaani zinazoendesha mashine kwa sheria za "kama hivi basi vile" zinazokubali kwa kiasi, si kwa ndiyo au hapana tu) huwa wananiuliza swali lilelile, kila mtu kwa maneno yake ila maana haibadiliki: fundi, nina sheria zangu tisa hapa, sasa ipi inawaka kwanza? Na ile ya hatari, ile ya kuzima hita, niiweke juu kabisa ili iwahi au niiweke chini kabisa ili iwe na neno la mwisho?

Jibu fupi ni kwamba hakuna ya kwanza na hakuna ya mwisho. Zote zinawaka pamoja kwenye mzunguko mmoja wa hesabu, na kila moja inawaka kwa kiasi chake, hii nusu, ile robo, nyingine sifuri kabisa. Ila mi sipendi kuishia hapo, maana anayeuliza hivo ana hofu ya kweli kabisa, anaogopa kuna siku sheria mbili zitavutana na ile ya muhimu ikazidiwa, na ukimwambia tu "zote zinawaka pamoja" hujamtoa hofu, umemuongezea. Kwaio leo tuongee hili jambo taratibu, oda ya sheria, yaani mpangilio wa ipi juu na ipi chini, inaingilia wapi na kipaumbele kinawekwaje, maana hivi ni vitu viwili na watu wanavichanganya kila siku.

Mfano wangu ni mashine ya kutotolesha vifaranga, kwanza kwa sababu ndo kazi yangu, pili kwa sababu hii mashine sasa hivi iko kila mtaa, huhitaji kueleza sana. Mayai ya kuku yanakaa siku 21, joto unalitaka liwe kama 37.5 hadi 37.8 kwa mashine yenye feni. Na kuna jambo moja la mayai ambalo ndo chanzo cha mada nzima: baridi na joto havina uzito sawa. Yai likipoa kidogo kwa muda mfupi mara nyingi linavumilia, hata kuku mwenyewe akiwa amelalia huwa anainuka anaenda kula na kunywa halafu anarudi. Lakini likizidi joto, digrii chache tu juu, kifaranga kinafia ndani na hakuna cha kurekebisha. Yaani makosa ya upande mmoja unaweza kuyafidia, ya upande mwingine huyafidii, ndo maana mtu anataka sheria ya "zima hita" iwe bosi.

Kabla sijaingia kwenye hesabu, tumtaje mzee. Lotfi Zadeh pale Berkeley, Marekani, alitoa karatasi yake ya seti za fazi mwaka 1965, na mwaka 1973 akatoa nyingine ya kutumia maneno ya kawaida na sheria za "kama hivi basi vile" kuelezea mifumo iliyo migumu kuiandikia hesabu. Ila aliyeichukua hiyo akaifunga kwenye mashine halisi ni Ebrahim Mamdani, na huyu Watanzania wengi hawajui kwamba kazaliwa kwetu, mwaka 1942, akasoma India, halafu akaenda Uingereza akawa Queen Mary College, London. Yeye na mwanafunzi wake Assilian waliendesha injini ndogo ya mvuke na boila yake kwa sheria 24 tu, wakachapisha mwaka 1975. Leo ukifungua programu nyingi za fazi unakuta neno "Mamdani" kwenye menyu, ndo huyo. Sheria zake zilikuwa za namna hii: kama kosa la presha (presha ilivyo mbali na ile inayotakiwa) ni hasi kubwa, na badiliko la hilo kosa SI hasi kubwa wala hasi ya kati, basi ongeza joto kwa wingi. Hilo "SI" liweke akilini, tutalihitaji mbele huko.

Haya, hesabu. Nachukua joto la ndani na maneno matatu: baridi, sawa, moto. "Sawa" ni pembetatu, kilele chake 37.5, inaisha kwenye 37.0 upande huu na 38.0 upande ule. "Moto" inaanza sifuri kwenye 37.5 inapanda mpaka moja kamili kwenye 38.0 na kuendelea. Sasa sensa inasoma 37.7. Kwenye "sawa" hiyo ni 0.6, kwenye "moto" ni 0.4, kwenye "baridi" ni sifuri. Sheria ziko hivi: kama ni moto, hita asilimia 0, kama ni sawa, hita asilimia 40, kama ni baridi, hita asilimia 100. Ukitumia njia ya Sugeno, ambayo ni wastani wenye uzito, unapata 0.4 mara 0 jumlisha 0.6 mara 40, gawa kwa 1.0, jibu asilimia 24. Geuza uanze na ya sawa umalizie na ya moto, 24. Anza na ya baridi, 24. Kujumlisha hakujali nani katangulia. Na ukienda kwa njia ya Mamdani yenyewe, ambayo inachukua kubwa kuliko zote pale sheria kadhaa zinapogusa neno moja la matokeo, hali ni hiyohiyo, kubwa ya 0.4 na 0.6 ni 0.6 hata ukiipanga kichwa chini.

Ni kama kamati ya harusi. Anayetoa ahadi yake mwanzo na anayetoa mwisho wote wanaandikwa kwenye daftari moja na jumla haibadiliki kwa sababu mjomba kaongea kabla ya shangazi. Kitakachoharibu ni mweka hazina akifunga daftari na kuanza kulipia ukumbi wakati nusu ya watu hawajachanga.

Na hilo la mweka hazina si utani, lipo kwenye programu kweli. CLIPS ni mfumo wa sheria uliotengenezwa NASA, Houston, kuanzia 1985, na huko sheria zina foleni halisi kabisa: kuna ajenda, kila sheria iliyotimiza masharti inaingia kwenye ajenda, halafu inachaguliwa moja tu ya kuwaka, kisha ajenda inaangaliwa upya. Unaweza kuipa sheria seliensi, namba kuanzia hasi 10,000 mpaka chanya 10,000, yenye namba kubwa inawahi. Wakanada wa National Research Council wakaja kuweka fazi juu yake, ikaitwa FuzzyCLIPS. Sasa fikiria fazi, ambayo inataka wote wachangie, imekaa juu ya injini inayowasha sheria moja moja. Njia iliyotumika ni kwamba sheria ikiwaka, mchango wake unaunganishwa na ulioko tayari, haufuti, halafu ile sheria ya kutoa jibu la mwisho, la namba moja ya kupeleka kwenye hita, unaipa seliensi ya chini, hasi moja kwa mfano, ili isubiri mpaka wenzake wote wamalize. Ukisahau hiyo hasi moja, jibu linaweza kutoka sheria zikiwa hazijaisha kuchangia, na utashangaa mbona leo linatofautiana na jana kwa data zilezile. Kwaio hapo oda ina maana, lakini angalia ina maana wapi: kati ya kundi la kuchangia na kitendo cha kufunga hesabu. Ndani ya kundi lenyewe wala.

Basi kama hesabu haijali oda, mbona watu wanakutana na mashine ambazo ukihamisha sheria moja kutoka juu kwenda chini tabia inabadilika? Hapo tunatoka kwenye fazi tunaingia kwenye programu mtu aliyoiandika, na hizo nimeona za kutosha.

Ya kwanza na ya kawaida kuliko zote ni mtu kaandika "kama... la sivyo kama... la sivyo kama". Ameweka viwango vizuri, pembetatu zake nzuri, ila mwishoni kaweka mnyororo ambao sheria ya kwanza ikikubali zinazofuata hazisomwi kabisa. Hiyo mashine ina themostati yenye ngazi nyingi, fazi hamna, hata kama kwenye boksi ameandika fazi kwa herufi kubwa. Pacha wake ni yule ambaye sheria zote zinasomwa lakini kila moja inaandika jibu palepale juu ya jibu la mwenzake, kwaio ya mwisho ndo inashinda. Na hawa wawili wakikutana kwenye mjadala kila mmoja anaapa anajua siri ya kipaumbele, mmoja anasema weka juu mwingine anasema weka chini, na wote wanasema kweli kwa programu zao!

Kuna lingine la kusafisha. Motorola walikuwa na chipu ya miaka ya 90 inaitwa 68HC12, tamu sana hii, iliwekewa amri za fazi ndani kwa ndani, MEM ya kupima viwango, REV ya kupitia sheria, REVW ya kupitia sheria zenye uzito, na WAV ya kutoa wastani. Sheria zako zinakaa kwenye memori kama orodha ya baiti na REV inazisoma moja baada ya nyingine, kwaio foleni ya kimwili ipo kabisa, ila kwa kuwa inachukua kubwa kuliko zote haina athari. Sharti ni kwamba kabla ya kuanza lazima ufute matokeo yote yawe sifuri. Usipofuta, ile "kubwa" ya mzunguko uliopita inabaki pale, na kubwa haishuki yenyewe, itapandishwa tu. Kwenye hita maana yake ni kwamba mashine ikishawahi kuhitaji joto kwa nguvu mara moja, "joto kwa nguvu" inaendelea kuwepo kwenye hesabu milele. Hata wewe unayeandika kwa mkono kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, una wajibu uleule, safisha kwanza.

Halafu kusoma sensa. Soma mara moja mwanzoni mwa mzunguko, hifadhi, sheria zote zitumie hiyo namba moja. Ukimuita sensa ndani ya kila sheria, sheria ya kwanza imesoma 37.7 na ya tano imesoma 37.8, na mashine yako sasa ina ukweli wa aina mbili kwa wakati mmoja. (Tukiwa hapo kwenye sensa: DHT22 ambayo kila mtu anainunua ina uwezekano wa kukosea nusu digrii huku na nusu digrii kule. Pembetatu yangu ya "sawa" hapo juu ina nusu digrii kila upande. Piga hesabu mwenyewe. Linganisha sensa yako na kipimajoto cha kuaminika kabla hujaanza kubishana na mtu kuhusu sheria.)

Ila pale oda inapouma kweli ni kwenye sheria za ngazi, sheria inayotumia matokeo ya sheria nyingine. Mfano natengeneza kitu cha kati nakiita hatari: kama joto ni moto na linapanda, basi hatari ni kubwa. Halafu sheria nyingine inasema kama hatari ni kubwa, basi feni kasi yote. Ukiiweka ya feni juu ya ile inayopika hatari, feni inasoma hatari ya mzunguko uliopita, umechelewa mzunguko mzima. Kwa mashine inayosoma kila sekunde mbili si balaa, yai halijali sekunde mbili. Lakini kama wewe ni mtu msafi unayefuta kila kitu kuwa sifuri mwanzo wa mzunguko kama nilivyosema juu, basi feni itasoma sifuri siku zote, haitawaka kamwe, na kila sheria ukiikagua peke yake iko sahihi. Hii inaumiza kichwa kweli. Dawa yake ni kugawa sheria kwenye mabloku: bloku la kwanza linamaliza kabisa, linatoa hatari, ndo bloku la pili linaanza. Lugha ya kiwango cha kimataifa ya mambo haya, ile ya IEC 61131-7 (IEC ni shirika la kimataifa la viwango vya umeme), imejengwa na mabloku ya sheria hivyohivyo, na namba zilizoko mbele ya kila sheria mle ndani ni majina ya kutambulisha tu, sheria namba 1 haina ubosi wowote kwa namba 7.

Na dogo la mwisho kwenye oda halafu tuliache: ukijumlisha kwenye baiti moja inayogota 255, yaani haipandi zaidi ya hapo, na una chanya na hasi, oda inaleta tofauti. 200 jumlisha 100 inagota 255, toa 100 inabaki 155. Anza na kutoa, 200 toa 100 jumlisha 100, 200. Fanya hesabu kwenye nafasi kubwa, gotesha mwishoni.

Sasa kipaumbele, ambacho ndo muuliza swali alikuwa anakitaka tangu mwanzo.

Chukua hali hii. Uko Njombe mwezi wa saba, usiku, chumba kina digrii 12. Umeweka sheria ya akili: kama chumba ni baridi sana, hita asilimia 80, ili mashine isisubiri mpaka joto la ndani lianguke ndo ianze kuhangaika. Sheria nzuri, mi mwenyewe naitumia. Lakini kwa sababu fulani ndani kumefika 38.4. Sheria ya moto inasema moja kamili, hita 0. Sheria ya chumba nayo inasema moja kamili, hita 80. Wastani: 40. Mayai yanapikwa na hita iko asilimia 40, na hakuna kitu kilichoharibika, kontrola inafanya kazi kama ilivyoandikwa, imepatanisha. Fazi kazi yake ni kupatanisha, na kuna mambo hayapatanishwi.

Watu wa roboti walikutana na hili mapema. Roboti ina kikwazo mbele, sheria moja inasema kata kushoto, nyingine inasema kata kulia, wastani wake ni nyoosha mbele, moja kwa moja kwenye kikwazo. Kila sheria ilikuwa na busara, jumla yao ni ajali.

Kitu cha kwanza kila mtu anachokimbilia ni uzito. Programu karibu zote zinakuruhusu kuipa sheria uzito kati ya 0 na 1, na IEC wana neno lake kwa ajili hiyo, kwaio inaonekana kama ndo mahali pa kuwekea kipaumbele. Jaribu. Ipe sheria ya chumba uzito 0.5: inakuwa 0 jumlisha 0.5 mara 80, gawa 1.5, karibu 27. Bado mayai yanapikwa. Shusha mpaka 0.1: 8 gawa 1.1, asilimia 7 na kitu. Afadhali, bado siyo sifuri, lakini tuseme umeridhika. Sasa angalia umelipa nini. Usiku wa kawaida, ndani 37.5 safi, chumba digrii 12: sheria ya sawa inasema 40, ya chumba inasema 80 kwa uzito 0.1, jibu ni 48 gawa 1.1, karibu 44. Kabla ya kugusa uzito ilikuwa 60, na hiyo 60 ndo uliyokuwa unaihitaji kwa baridi ile. Umeidhoofisha sheria ya chumba saa zote, usiku na mchana, ili ikae kimya kwa dakika chache za hatari. Uzito hauangalii hali. Unasema sheria hii naiamini kiasi hiki, siku zote. Wakati unachokitaka wewe ni kusema: sheria hii naiamini kabisa, ISIPOKUWA pale mwenzake anapopiga kelele.

Na hilo "isipokuwa" lina sehemu yake, ni upande wa "kama". Rudi kwa Mamdani na lile SI lake. Andika: kama chumba ni baridi sana NA joto la ndani SI moto, basi hita 80. "Si moto" ni moja toa kiwango cha moto. Kwa 38.4, moja toa moja sifuri, sheria ya chumba imezimika yenyewe, hita 0 kamili. Kwa 37.5 hamna moto, sheria ina nguvu zake zote, hita 60. Na katikati hakuna mshtuko, hiki ndo ninachokipenda: kwa 37.7, moto 0.4, sawa 0.6, chumba 0.6, unapata 24 jumlisha 48 gawa 1.6, asilimia 45. Kwa 37.9, moto 0.8, hizo mbili 0.2 kila moja, 8 jumlisha 16 gawa 1.2, asilimia 20. Kwaio 60, 45, 20, 0, inashuka kadiri joto linavyopanda, bila rilei, ile swichi ya umeme ya hita, kupiga pa-pa-pa kama ingekuwa themostati ya kuwasha na kuzima.

Shida inakuja sheria zikiwa nyingi, maana kila ya chini inabidi ubebeshe "si hiki na si kile na si kile" za wakubwa wake wote, ukiongeza sheria moja ya dharura unarudi kugusa zingine zote. Ronald Yager mwaka 1993 alitoa muundo wa kupanga sheria kwa ngazi ambao unamaliza usumbufu huu. Ngazi ya juu inajibu kwanza, kwa kiasi inachokijua. Ikiwa imejibu kwa 0.8, ngazi ya chini inaruhusiwa kuongea kwa hicho 0.2 kilichobaki. Ikiwa imejibu kwa moja kamili, wa chini wananyamaza. Ikiwa ngazi ya juu haina la kusema, wa chini wana uwanja wote. Juu unaweka mambo maalum na ya hatari, chini kabisa unaweka sheria ya jumla ya kutumika kama hakuna aliyesema kitu. Ukiangalia ni lile SI letu, tofauti ni kwamba umeliandika mara moja kati ya ngazi na ngazi badala ya kulirudia kwenye kila sheria. Na hapa ndo unaona kitu kinaitwa oda kikirudi kwa mlango wa mbele, kihalali: oda ya ngazi ina maana, oda ya sheria ndani ya ngazi haina. Viwandani wazo la namna hii lilishatumika. FLSmidth, kampuni ya Wadenmaki, ndo walioiingiza fazi kwenye matanuri ya saruji mwishoni mwa miaka ya 70, matanuri ambayo ndani yake klinka (yale mawe yanayosagwa kuwa saruji) inapikwa kwenye digrii 1,400 na zaidi, na mfumo wao wa baadaye ulipanga malengo kwa vipaumbele, yale ya chini yanashughulikiwa kwa kadiri yale ya juu yalivyotimia.

Kingine cha kujua ni kwamba vipaumbele vyenyewe vinahama. Kwenye mashine ya vifaranga unyevu unauweka kama asilimia 50 hadi 60 kwa siku 18 za mwanzo, halafu siku tatu za mwisho unaupandisha 65 hadi 70, maana utando wa ndani ukikauka kifaranga kinagandia kwenye ganda. Kufungua tundu la hewa kunapunguza joto lakini kunatoa unyevu. Siku ya 5 sheria ya joto ikitaka kufungua tundu sina neno, siku ya 20 nataka iangalie feni na hita kwanza kabla ya kugusa tundu. Sheria ni zilezile, cheo ndo kimebadilika kwa sababu ya siku. Kwaio siku nayo unaifanya ingizo, "mwisho wa safari" ikiwa neno la fazi linalopanda kati ya siku ya 17 na 19, na unaliweka kwenye "kama" ya sheria za tundu. Usiende kubadilisha uzito kwa mkono siku ya 18, utasahau.

Jambo moja la wanaotumia Mamdani kamili yenye sentroidi, yaani kutafuta kitovu cha umbo, maana hili linaharibu kazi yote hiyo bila mtu kujua. Ukiwa na neno "zima" la hita ambalo umelichora kama pembetatu ya nusu, kilele kwenye 0 inaisha kwenye 30, kitovu chake kiko kwenye 10. Yaani hata sheria ya dharura ikiwaka peke yake, kwa nguvu zote, wengine wote kimya, hita inapata asilimia 10. Umeshinda vita vya kipaumbele halafu mshindi hawezi kusema sifuri. Ama umbo la "zima" ulirefushe upande wa hasi ili kitovu kiangukie kwenye 0, ama kila neno ulipe namba moja tu (kama zile 0, 40 na 100 zangu za juu) badala ya maumbo. Kwa chipu ndogo mi natumia namba moja moja na sijawahi kuona yai likilalamika.

Na kuna kiwango cha hatari ambacho mi sikiachi mikononi mwa fazi kabisa, hata kwa ngazi za Yager. Kontakti za rilei zinaweza kuganda zikiwa zimefunga, programu inaweza kukwama, sensa inaweza kuchomoka waya ikasoma baridi ya uongo na sheria zote kwa nia njema zikapigia kura hita. Dhidi ya hayo weka themostati ya kimakanika kwenye waya wa hita wenyewe, imesetiwa juu kidogo ya kazi ya kawaida, isiyojua habari za Arduino. Hata Sendai kule Japani, treni ya chini ya ardhi iliyofunguliwa Julai 1987 ikiendeshwa na fazi ya Hitachi, fazi ilikuwa upande wa kuendesha, kufunga breki kwa ulaini abiria wasiyumbe na kusimama pale penye alama, na kulinda treni zisigongane kulikuwa na mfumo wake tofauti. Na tukiitaja Sendai, yenyewe haikuwa inapatanisha kwa wastani kama sisi, ilikuwa inabashiri kila uamuzi unaowezekana utaleta nini, inaupima kwa usalama na starehe na kusimama sawasawa, kisha inachagua mmoja ulio bora. Mshindi mmoja. Hiyo nayo ni njia halali, ila inataka uwe na modeli ya chombo chako, na ya kwangu ya maboksi ya plaiwudi na feni ya kompyuta sina hamu ya kuitengenezea modeli.

Kama umefika hapa na bado hujui programu yako inajali oda au haijali, usisome mistari, ipime. Chukua orodha ya masomo ya sensa yaliyorekodiwa, usiku mzima hivi, yapitishe kwenye sheria kama zilivyo, hifadhi majibu. Halafu vuruga mpangilio wa sheria ndani ya kila bloku ovyo, pitisha tena, linganisha. Tofauti ikiwa kwenye desimali ya mwisho kabisa hiyo ni namba za desimali za kompyuta zinavyojumlishwa, achana nayo. Ikiwa asilimia nzima, kuna mahali sheria inaandika juu ya mwenzake, au kuna kitu cha kati kinasomwa kabla hakijapikwa, na mimi ningeanza na hicho cha pili kwa sababu ndo kinachojificha zaidi.